Sekunde Saba

Edelmira Oyarzo alipenda kukaa nyuma,
kiti cha mwisho, ubavuni mwa jiko la kuni,
koti lake likidondosha mvua ya Ancud sakafuni,
daftari gumu magotini.
Sisi walimu tarajali tuliliogopa daftari lile
kuliko darasa zima la kidato cha pili.

Siku yangu ya kwanza nilileta moyo wa kondoo.
Nilikuwa nimeununua alfajiri kwa mchinjaji,
nikaufunga kwa gazeti, gazeti likalowa basini,
mama mmoja akanitazama, akahama kiti.
Nilijua kila kitu. Aota, vali, ventrikali,
nikayamwaga majina kama gunia lililotoboka.
Kisha nikauliza:
"Kwa nini ukuta wa kushoto ni mnene zaidi?"
na mate hayajanikauka
nikajibu mwenyewe.

Baada ya kipindi alinipa karatasi moja.
Hakuandika habari ya moyo.
Aliandika: *Sekunde moja na nusu.
Nani alikuwa anakufukuza?*

Kwenye ngazi akatoa jiwe mfukoni,
jeusi, la pwani, lililolainika kama sabuni iliyotumika.
"Ukishauliza, lishike.
Usiliachie mpaka hesabu ifike saba.
Mbili za mwanzo ni za wanaojua.
Ya nne, ya tano, za wanaokumbuka.
Ya saba ni ya yule wa dirishani
ambaye nyumbani swali analolijua ni moja tu:
kondoo umewafungia?"

Alianza kazi shule ikiwa na hadubini moja,
lenzi yake ina ufa mwembamba kama mguu wa buibui.
Miaka tisa watoto wa kisiwa
walichora ngozi ya kitunguu, seli kwa seli,
kiini kimepakwa iodini,
na katikati ya mchoro, ule ufa.
Mkaguzi kutoka Santiago alikuja juu.
Edelmira alikuwa amewapa alama zote.
"Wamechora walichokiona," alisema.
"Nitakapowapa lenzi nzima, watachora kingine.
Wewe ulitaka wachore kitabu."

Usidhani alikuwa malaika.
Alivuta sigara nyuma ya maabara, chini ya bango la mapafu.
Majina yetu aliyasahau; mimi, Fresia,
aliniita Moyo mpaka nikahitimu.
Na aliwahi kumliza Leonidas Barría
kwa sababu alisema mmea "unataka" mwanga.

Alistaafu Desemba moja, ukumbi ukinuka keki na makoti mabichi.
Mkuu wa chuo alihutubu, akahutubu tena,
akamgeukia: "Miaka thelathini na minane, mwalimu!
Nini hasa utakikumbuka?"
Akanyamaza.
Nikaiona mkono wake ukiingia mfukoni, mtupu,
maana jiwe nilikuwa nalo mimi.
Moja. Mbili. Tatu.
Kwenye ya nne watu wakapiga makofi,
wakidhani machozi yamemzidi.
Alicheka hadi akakohoa.
Mlangoni ndipo akaniambia, kwa sauti ya chini:
"Zamani niliwafundisha watoto elfu moja
kwamba uyoga ni mmea.
Tulivyojua ndivyo tulivyosema.
Nitawapata wapi wote, Moyo, niwaambie?"

Sasa nafundisha Quellón, kusini, mwisho wa barabara.
Jana niliweka kome mezani, hai, kwenye beseni.
Nikauliza kwa nini hujifunga maji yanapokupwa.
Nikalishika jiwe.
Tatu. Mvua ikajibu kwanza, juu ya bati.
Tano. Mtu akaangusha kalamu.
Saba, kimya,
na ulimi wangu ulishajikunja tayari kusema.
Tisa.
Kumi na moja, Aliro, mtoto wa wafuga kome,
ambaye tangu Machi sijaisikia sauti yake:
"Mwalimu, lakini hana kichwa.
Anajua kwa kitu gani kwamba maji yameondoka?"

Sikujua, si kwa ukamilifu.
Nikaliandika swali lake ubaoni, herufi kubwa.
Mfagizi nimemwomba asilifute.
Jiwe lilikuwa na joto
kama kitu kilichotoka kutagwa.